Zamu ya Asiyechoka

Mchana ule harufu ya mkate haikuja. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza, na Mama Kibibi alilihisi puani kabisa, ila alikuwa amechoka mno hata kulijali.

Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Usiku kucha alikesha mbele ya tanuri, asubuhi akajibwaga kitandani kidogo, na mchana, baada ya sahani za wodini kukusanywa, alikuja hospitali kumpokea mkewe zamu ya mtoto ili naye aende kuoga na kusogeza kazi zake za cherehani. Hakuhitaji kubisha hodi. Harufu ya mkate ilimtangulia mlangoni, na watoto wote wa wodi ile walimjua kwa pua kabla ya kumwona kwa macho.

Katika wodi hiyo kulikuwa na amri ya Nesi Mkuu ambayo hata madaktari waliifuata kwa unyenyekevu: viatu vya nje vinabaki nje, na kila kitanda kina jozi moja tu ya kandambili kwa ajili ya mwuguzaji. Aliyevaa kandambili za kitanda ndiye mwenye mtoto. Asiyezivaa ni mgeni, na kengele ikilia anatimuliwa hata akiwa amebeba uji wa moto. Za kitanda cha Kibibi, kile cha pembeni karibu na ukuta, zilikuwa za buluu. Mkanda wa mguu wa kushoto ulikuwa umekatika, na Mama Kibibi akaushona kwa uzi wa kijani, kushona kwa kifundi hasa, mpaka Nesi Mkuu akasema kandambili zitaoza na mkanda ubaki.

Juu ya amri hiyo, mke na mume walikuwa na utaratibu wao wenyewe. Siku za mwanzo za ugonjwa, kila mmoja alidhani mwenzake ameshampa mtoto dawa, na mtoto akalala bila dawa kabisa. Tangu hapo wakakubaliana kwamba hakuna kuondoka kimyakimya. Anayekuja anauliza, "Hali?" Anayeondoka anaeleza yote: kala nini, katapika nini, joto likoje, sindano inamuuma wapi, amecheka kwa sababu gani. Kisha anasema, "Mshike." Mwenzake anajibu, "Nimemshika." Neno hilo likishatoka, aliyekuwa kwenye zamu anaweza kuanguka popote akalala, maana mtoto ana mtu.

Mtoto mwenyewe hakuwa ametimiza miaka mitano. Alikuwa na saratani ya damu na maneno ya bikizee, ndiyo maana wakamwita Kibibi. Manesi wote aliwaita "mwanangu." Siku moja aliitazama dripu ikidondoka tone kwa tone akaiuliza, "Na wewe huishi?" Wodi nzima ilicheka, isipokuwa mama yake, ambaye swali hilohilo lilikuwa likimkaa kooni kwa miezi.

Sasa mchana ule Mama Kibibi alikuwa amejilaza kwenye mkeka, sakafuni, ubavuni mwa kitanda. Kutoka pale chini huoni watu, unaona miguu tu: ya vitanda, ya meza, ya wanaopita. Mtoto alikuwa ametapika mpaka kulipopambazuka na mama hakuwa amefumba jicho. Joto la mchana lilikuwa limeilaza wodi yote. Akaona kandambili za buluu, alizomwachia mumewe mlangoni, zikija taratibu, uzi wa kijani ukimetameta, zikasimama. Stuli ikaburutwa.

"Hali?" sauti ikauliza.

"Katapika sana," akajibu macho yamefumba, ulimi mzito. "Joto limeshuka kidogo. Maji amekunywa. Mshike."

Kukawa na kimya kifupi, cha mtu aliyepewa kitu ambacho hakutegemea kupewa.

"Nimemshika."

Naye akazama usingizini.

Kilichomwamsha ni harufu ya mkate. Mumewe alikuwa amesimama miguu mitupu, ana unga kwenye nyusi, anatazama huku na huku.

"Kandambili ziko wapi? Na wewe mbona umelala? Nani kamshika mtoto?"

"Si wewe?"

"Mimi ndiyo naingia, Mama Kibibi. Mashine ya kukandia ilikwama, tumekanda kwa mikono."

Mama Kibibi akainuka kwa kiwiko. Kandambili zilikuwa chini ya stuli, zimepangwa sambamba, vizuri kuliko mumewe alivyowahi kuzipanga maishani mwake. Akaingiza mkono katika moja. Ilikuwa na joto. Na hewani, pale pembeni, kulikuwa na harufu anayoijua kwa kazi yake: nguo mbichi iliyowekewa pasi ya moto.

Kibibi alikuwa macho, ametulia, anatazama juu ya stuli.

"Msipige kelele," akawaambia wazazi wake kwa mnong'ono. "Amesema tusiongee kwa nguvu."

Siku zilizofuata, kusema kweli, walifurahi. Kutapika kulikoma. Joto halikupanda tena. Mtoto hakulia alipochomwa sindano, alitazama tu pembeni mpaka ikaisha. Baba yake alisema dawa zimeanza kufanya kazi, na mama akaitikia, maana mtu aliyechoka hakatai habari njema kwa kuwa tu imekuja kwa mlango wa nyuma.

Aliyeanza kukunja uso alikuwa daktari. Alikuwa kijana mwembamba, msema kweli, naye alikuwa na macho mekundu kama wao. Alisimama miguuni pa kitanda akizungusha kalamu.

"Mama, majibu ya damu ya leo ni yaleyale ya jana. Na ya jana ni yaleyale ya juzi. Nimewagombeza watu wa maabara nikidhani wananipa karatasi moja kila siku. Nimeenda mwenyewe kusimama pale. Ni yaleyale."

"Hajazidiwa?"

"Hajazidiwa. Hajapata nafuu pia. Dawa inaingia, haifanyi jema wala baya. Sijawahi kuona."

Siku ya kukata kucha ilipofika, Mama Kibibi akatoa kimkasi chake cha kukatia nyuzi, akakishika kidole cha mwanawe, na hakupata cha kukata. Alijaribu kidole kingine, na kingine. Kucha zilikuwa fupi vilevile kama alivyozikata mara ya mwisho, na pembeni ya kidole gumba palikuwa pangali na kimkwaruzo alichomkwaruza kwa bahati mbaya siku hiyo, bado chekundu, hakijakauka. Akakaa na kimkasi mkononi.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mtoto mmoja wa mapacha, na mama yake, Mama Pacha, alikuwa mtu wa mdomo mwepesi na moyo mzuri. Siku hiyo aliongea kwa kusitasita, akikunja na kukunjua kanga yake.

"Dada, nikuulize kitu usinikasirikie. Yule ndugu yenu anayekaa na mtoto ukilala, anatoka upande wako au wa mumeo?"

"Ndugu gani?"

"Huyo wa mchana. Mimi huwa namwona mgongo tu. Anavaa shati la mumeo." Akameza mate. "Ila dada, lile shati halina mtu wa kutosha ndani. Limekaa kama limetundikwa. Na sijawahi kumwona akigeuza shingo, hata nzi akimtua."

Mama Kibibi alikiweka kando kimkasi. Alipomgeukia mwanawe, Kibibi alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Kibibi, nani huwa anakaa hapo?"

"Mshikaji," mtoto akasema. "Yeye hachoki, mama. Hata macho hafumbi."

Kesho yake Mama Kibibi aliapa hatalala. Alijilaza mkekani kama kawaida yake, akajing'ata ndani ya shavu ili maumivu yamshike macho. Wodi ikanyamaza kidogokidogo, vijiko vikaacha kugonga sahani, mtoto wa mwisho aliyekuwa akilia akaanza kwikwi na kwikwi zikakatika, feni ya darini ikawa inazunguka bila mlio, na ndipo ile harufu ya nguo mbichi na pasi ikaanza kutambaa sakafuni, nzito, ya moto, ikamwingia puani na kumkausha koo, na akaona kandambili za buluu, ambazo alikuwa ameziacha mlangoni makusudi, zikija katikati ya safu za vitanda bila haraka, ndani yake miguu miembamba yenye visigino laini visivyo na ufa wala vumbi, visigino vya kitoto kichanga, vya kiumbe ambacho hakijawahi kukanyaga ardhi, zikapita kitanda cha Mama Pacha, zikapita meza ya dawa, zikasimama sentimita chache tu kutoka usoni pake, na stuli ikaburutwa polepole kama inavyoburutwa na mtu mwenye adabu asiyetaka kuwaamsha wengine.

"Ondoka," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Hiyo ni nafasi yangu. Mtoto ni wangu."

"Umechoka," sauti ikamjibu kwa upole. "Lala."

Akataka kuinuka. Usingizi ukamwangukia kama gunia la unga, na alipozinduka jua lilikuwa linazama na mumewe anamtikisa bega.

Mumewe alipoambiwa hakucheka. Siku iliyofuata alikaa yeye, tena akiwa amesimama, mgongo ukutani, mikono kifuani. Alikuja kuzinduka akiwa amelala wimawima, mate yanamtoka, na Nesi Mkuu anamuuliza kama hospitali imegeuka kituo cha basi.

"Kaniambia nimechoka," akamwambia mkewe kwenye korido, akinong'ona. "Na ni kweli nimechoka, Mama Kibibi. Hilo ndilo limenimaliza. Ni kweli."

Mama mkwe, mama wa mume, ndiye aliyejua pa kwenda. Hakuuliza maswali mengi. Alimshika mkwewe mkono akampeleka kwa kinyozi.

Alikuwa kinyozi kweli, mwenye kiti cha kuzunguka na vioo viwili. Wenye shida za majini walimjia humohumo kutibiwa, wakasubiri foleni pamoja na wenye ndevu. Walimkuta akimnyoa mzee mmoja aliyejaa povu mpaka masikioni, na kwa ishara ya wembe akawaambia waseme tu, huyo hana shida. Mama Kibibi akasimulia yote. Kinyozi aliendelea kunyoa.

"Ulimkabidhi wewe mwenyewe?"

"Nilidhani ni mume wangu."

"Sikuulizi ulidhani nini, dada. Nauliza kama uliyasema maneno."

"Niliyasema."

Kinyozi akafuta wembe kwenye taulo, akashusha pumzi ya mtu ambaye naye hajalala vizuri.

"Jini mwizi namfukuza. Jini mlevi wa vurugu namfukuza, akirudi namfukuza tena. Huyu hakuiba. Amepewa, na anakitunza alichopewa kuliko wengi wetu. Umemwambia ashike, anashika. Hajui kuuguza wala kulea. Alichoshika yeye hakiendi mbele wala nyuma."

"Mpaka lini?" akauliza mama mkwe.

"Mwulize mkweo kama alimwambia mpaka lini."

Mama Kibibi akaweka viganja usoni. "Nifanye nini, kaka yangu? Nikimwambia aondoke ananilaza."

"Kwa sababu umechoka. Wewe ungempa mtoto mgonjwa mtu anayesinzia? Naye hawezi. Zamu haikabidhiwi kwa anayeyumba. Nenda nyumbani ukalale."

"Nikalale?"

"Ulale ushibe. Mwache naye mpaka kesho. Kisha uende ukiwa mzima, umwulize hali, akueleze, akukabidhi. Aliyetoa ndiye anayepokea, mumeo hawezi kukusaidia hapo."

"Nimwache mwanangu na jini, kwa hiari yangu, nikalale!"

"Yuko naye siku zote hizi, dada. Tofauti ni kwamba leo utakuwa unajua."

Mzee mwenye povu, ambaye alikuwa amevumilia muda mrefu, akasema, "Na mimi jamani nimalizieni nikalale, nimenyolewa shavu moja tangu asubuhi." Hakuna aliyecheka, ingawa kinyozi alijaribu.

Walipokuwa wanatoka, kinyozi aliwafuata mpaka mlangoni, wembe ungali mkononi.

"Dada. Ukimpokea, unampokea na ugonjwa wake. Vyote vinaanza kwenda tena."

"Anaweza kufa?"

Kinyozi aliutazama wembe wake. "Anaweza. Na anaweza kupona. Kwa yule hawezi lolote kati ya hayo mawili."

Njia nzima Mama Kibibi alitangulia mbele. Alikuwa akijiuliza jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mama mkwe: kama hafi, kwa nini nimchukue?

Nyumbani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na sare ya shule ya mtoto wa watu imelala juu yake, haina mkono mmoja. Mumewe alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi, karibu kadiri alivyoruhusiwa. Yeye alijilaza kwenye kigodoro cha Kibibi, magoti yamekunjwa ili atoshe, na akajilazimisha. Aliyewahi kuuguza anajua kwamba mwili ukizoea kukesha huusahau usingizi, unalala sikio moja wazi. Kila alipozama alishtuka akitafuta dripu kwa mkono. Akalia. Akajikemea. Akalia tena, na katikati ya kilio hicho, bila yeye kujua, akalala.

Alilala jioni, usiku, asubuhi. Alipoamka jua lilikuwa juu na mama mkwe amekaa mlangoni akiwazuia watu wasipige hodi. Mama Kibibi aliutazama mkono wake akaona ni wa kwake. Chai ilikuwa na ladha. Maji ya kuoga yalikuwa ya baridi na akayaonea raha, na akajichukia kwa raha ile, kisha akaacha kujichukia kwa sababu hata hilo linachosha. Akavaa gauni safi, akaenda.

Alimkuta mumewe kwenye benchi, amelala kichwa kimeangukia ndoo ya mtu. Hakumwamsha. Akavua viatu mlangoni, na kwa kuwa kandambili hazikuwepo, aliingia wodini miguu mitupu.

Wodi yote ilikuwa imelala. Mama Pacha alilala kinywa wazi, nesi alilala shavu juu ya meza ya dawa, feni ilizunguka bila mlio, na sakafu ilikuwa ya baridi chini ya nyayo zake ingawa hewa yenyewe ilikuwa ya moto na imejaa ile harufu ya pasi na ubichi, na kule pembeni, kwenye stuli, lilikuwa limekaa shati la mumewe lenye mgongo mwembamba ndani yake, mgongo usiopanda wala kushuka kwa pumzi, na kila hatua aliyopiga alitegemea macho yake yawe mazito na magoti yalegee, lakini macho hayakuwa mazito na magoti hayakulegea, akafika, akasimama, akasema kwa sauti ambayo hata yeye aliishangaa:

"Hali?"

Mgongo haukugeuka.

"Umechoka," sauti ikasema.

"Sijachoka. Nimelala tangu jana. Nitazame."

Shingo ikaanza kugeuka, pole sana, ikitoa mlio wa kitambaa kikavu kinachochanwa. Uso ulikuwa wa mumewe, ila wa mumewe kama ungechorwa na mtu aliyesimuliwa tu. Macho yalikuwa wazi, na juu ya mboni zake lilikuwa limetua vumbi jembamba, lile linalotua juu ya meza isiyofutwa, kwa sababu tangu alipoketi siku ile ya kwanza hakuwa amepepesa hata mara moja.

Alimtazama mama kwa muda mrefu. Kisha, kama mwuguzaji yeyote anayejua kazi yake, akaanza kueleza.

"Hajala. Hajatapika. Joto lilelile. Sindano ya mkono wa kulia haimuumi, ya kushoto haimuumi. Hajacheka. Hajalia." Akauelekeza uso kwenye mkeka. "Zamani alikuwa analia. Ulipokuwa umelala hapo chini, alikuwa anaumwa na kujiziba mdomo kwa shuka ili usiamke. Nilikuwa napita. Nikasikia mtoto anayelia bila sauti, nikaona kandambili hazina mtu. Nikauliza hali. Ukanipa."

Mama Kibibi aliitazama ile shuka. Akashika chuma cha kitanda asianguke.

"Kwangu halii," sauti ikaendelea, bila ubaya wowote. "Kwangu hakui na hafi. Wewe utachoka tena, na mimi sichoki. Bado unamtaka?"

Hapo ndipo alipokwama. Aliona mbele yake miaka na miaka ya mtoto asiyekufa, kitanda hikihiki, kichwa hikihiki kisicho na nywele juu ya mto, na lililomtisha zaidi ni kwamba sehemu fulani ya moyo wake, ile iliyochakaa kabisa, ilisema vema, iwe hivyo, angalau nitakuwa naye.

Kibibi alikuwa anamtazama. Mdomo ulimkauka, akaulamba.

"Mwanangu," akasema kwa ile lafudhi yake ya kikongwe, "nimechoka kukaa hivi."

Mama Kibibi akamgeukia yule wa kwenye stuli.

"Namtaka. Na ugonjwa wake. Na kilio chake chote. Sema."

"Mshike," sauti ikasema.

"Nimemshika."

Shati likaanguka juu ya stuli, tupu. Kandambili zikagonga sakafu. Feni ikaanza kupiga kelele yake ya siku zote, na kitandani Kibibi akajikunja, akatapika juu ya gauni safi la mama yake, akafungua kinywa na kulia kwa sauti iliyowaamsha watoto wote wa wodi na baba yake nje kwenye benchi. Alikuwa wa moto kama mkate unaotoka tanurini. Nesi alikurupuka, daktari akaja akikimbia, wakamsogeza mama pembeni, na mama akasimama pale ukutani, matapishi kifuani, akilia na kucheka, maana kilio kile kilikuwa cha mwanawe na alikuwa amekikosa.

Siku zile zilikuwa mbaya kuliko zote. Mara mbili daktari aliwaita wazazi koridoni na kuwaambia wajiandae. Walishika zamu wakibadilishana, Nesi Mkuu akivunja amri yake mwenyewe na kuwapa jozi ya pili, na sasa kila aliyekuja alishikwa kwanza mkono, akanuswa, akatazamwa machoni mpaka apepese, ndipo aambiwe hali. Mama Pacha alidhani wamepata wazimu wa mapenzi.

Kisha asubuhi moja Mama Kibibi akashika kidole cha mwanawe, akatoa kimkasi, na kikakata kitu. Kipande chembamba cha ukucha kikamdondokea mapajani. Akakiokota, akacheka peke yake mpaka mumewe akashtuka.

"Unacheka kucha?"

"Nacheka kucha, Baba Kibibi. Niache."

Daktari naye alikuja na karatasi iliyokuwa tofauti na ya jana, na ya kesho yake ikawa tofauti tena, safari hii kwa wema. Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia ni safari ndefu, watakuwa wanarudi kwa dawa, kuna wiki zitakuwa nzuri na nyingine mbaya. Lakini waliruhusiwa kwenda nyumbani. Kandambili za buluu waliziacha hospitali, na Mama Kibibi hakugeuka kuzitazama.

Sasa ni msimu wa sare za shule, na cherehani hailali. Mchana, mumewe akiwa bado hajaamka chumba cha nyuma, Kibibi hujilaza juu ya robota la vitambaa karibu na miguu ya mama yake. Nywele zimeanza kumwota, laini. Jana usiku alikuwa na homa, na mama alikaa naye mpaka kulipokucha, na kesho ni siku ya kurudi kuchomwa dawa. Mguu wa Mama Kibibi unakanyaga, unasimama, unakanyaga. Kichwa kinainama mbele, mara moja, mara ya pili. Pasi iko pale mezani, ya baridi, hajaiwasha tangu asubuhi.

Nguo mbichi inanukia moto.

Nyuma yake stuli ya wateja inaburutwa polepole, kwa adabu, kama inavyoburutwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wengine.

"Hali?"

Hageuki. Mkono wake unashuka taratibu, unaukuta mkono wa Kibibi chini, na vidole vidogo vyenye kucha ndefu kidogo vinamshika kwa nguvu. Mtoto hajalala. Mdomo amejiziba kwa pindo la kitambaa.

Mama Kibibi anamtoa kitambaa mdomoni.

"Lia mwanangu, lia kwa sauti," anamwambia, na Kibibi analia. Kisha mama anaikazia macho sindano ya cherehani mpaka yanamtoka machozi, na anaijibu sauti iliyo mgongoni pake kwa maneno ambayo ameshayasema mchana wa jana na wa juzi.

"Sijachoka," anasema, na Mungu tu ndiye anayejua jinsi alivyochoka.